Kaka kapiga kura ya diwani London na pasi yake ya Tanzania, mama hataki kusikia. Wajuzi njooni

Mtoto wa Barabara ya 12

Assalaam aleikum na habari za jioni wakuu wote. Naomba utani usianze mapema, uje baadaye, maana hapa nyumbani Ngamiani, Tanga, hakulaliki tangu juzi.

Nina kaka yangu wa tumbo moja yuko London mwaka wa tisa huu, anakaa mashariki ya mji kwenye manispaa inaitwa Tower Hamlets. Alhamisi ile ya tarehe 5 Mei 2022 kumbe London nzima, manispaa zote 32, walikuwa wanachagua madiwani siku moja. Basi mwenyewe katuma picha kwenye kundi la wasapu la familia, kasimama nje ya kituo cha kupigia kura meno yote nje, kaandika "nishatimiza wajibu". Hakujua kama kawasha moto.

Mama kaiangalia ile picha kanyamaza kimyaa. Baada ya Isha ndo akaanza, huyu mtoto kashachukua uraia wa watu, nani anakupa kura kwenye nchi isiyo yako, na kama kachukua wa Uingereza basi wa Tanzania umeshakwenda maana kwetu uraia pacha hakuna, na kama umekwenda kile kiwanja cha Pongwe alichonunua kwa jina lake na msingi umeshapanda kinakuwa cha nani? Mjomba badala ya kuzima anapuliza. Kaka anaapa kwenye simu pasi yake ni ileile ya bibi na bwana, ana kibali cha kuishi tu, hajaapa kwa malkia wala kwa nani, lakini mama anasema mtu akikaa ugenini miaka tisa hata kuapa anajifunza.

Sasa swali la kwanza ndo hilo, Mtanzania mwenye pasi ya Tanzania anaweza kupiga kura Uingereza au kaka anatuzuga?

La pili ni matokeo yenyewe, kanitumia nikashindwa kuyasoma. Meya kashinda mmoja anaitwa Lutfur Rahman kwa kura 40,804, aliyekuwa kwenye kiti John Biggs wa Labour kapata 33,487. Alafu madiwani wako 45, chama cha huyo Rahman kinaitwa Aspire kina 24, Labour 19, Conservative mmoja, Green mmoja. Mimi ninavojua meya anachaguliwa na madiwani, hizo kura elfu arobaini zimetoka wapi? Na kaka anasema eti huyo huyo mwaka 2015 mahakama ilimtoa. Mtu anatolewa na mahakama alafu anarudi?

Nina dau la sahani ya pweza na jamaa mmoja kijiweni kwenye kahawa, yeye kashika upande wa mama. Nawasilisha.

Phoenix Haina Breki

Mkuu pole sana. Kiwanja cha Pongwe kikikosa mwenyewe mimi nipo, naishi jirani, hata usafiri sihitaji.

Karani Mstaafu

Mwanangu, kaka yako hajawazuga. Mwambie mama alale.

Waingereza wana utaratibu wa zamani, raia wa nchi yoyote ya Jumuiya ya Madola akiwa anaishi kwao kihalali, kafikisha miaka 18 na kajiandikisha, anapiga kura kama wao. Tanzania imo kwenye Madola tangu uhuru. Kwa hiyo hakuna aliyemuuliza uraia mpya, ule wa kwetu ndo umempa haki. Mkenya hivohivo, Mganda, Mhindi, Mnaijeria, hata jirani zetu wa Msumbiji ambao hawakutawaliwa na Mwingereza kabisa nao wamo kwa kuwa waliingia Madola mwaka 1995. Na si diwani tu, hata mbunge wa Uingereza kaka yako anamchagua. Mfaransa anayekaa nyumba ya pili yake kamchagua diwani mwaka huu lakini bunge haligusi. Ndo mambo ya ukoloni hayo, umeacha na vitu vya ajabu, kimoja kimemwangukia kaka yako.

Kuhusu kiwanja mama yuko sahihi kwenye kanuni, kakosea kwenye mtu tu. Sheria yetu ya uraia ya 1995 inasema mtu mzima akichukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake wa Tanzania anaupoteza, na kwa mwaka huu wa 2022 Sheria ya Ardhi ya 1999 haimpi asiye raia ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Kwa hiyo hofu yake si ya kijinga, msimcheke. Ila kupiga kura si kuchukua uraia. Kibali cha kuishi nacho si uraia.

Na kuna kitu kinanichoma kidogo hapa. Kaka yako anamchagua diwani wa London, lakini diwani wa Pongwe kwenye kiwanja chake mwenyewe hawezi kumchagua mpaka apande ndege, kwa sababu sisi Mtanzania wa nje hatuna utaratibu wa kumpigisha kura huko aliko. Mgeni kwao ana kura na mwenyeji kwetu hana.

Mama Chapati Makorora

Eeh mzee wangu umenena, hapo mwisho umenigusa. Mwanangu wa kike yuko Muscat mwaka wa nne, kura yake iko kwenye kabati na kadi inapata vumbi.

Lakini mleta mada mbona hujatuambia kaka kampa nani kura?

Mtoto wa Barabara ya 12

Hajasema mama yangu. Nimemuuliza kanijibu kura ni siri.

Mdigo wa Bara na Pwani

Mimi niko London huku huku, si manispaa ya kaka yako lakini nimefanya kazi Tower Hamlets miaka kadhaa, kwa hiyo naijua mitaa yake kama nnavoijua Chumbageni.

Kwanza niwachekeshe. Nimepiga kura hiyo hiyo Alhamisi, nimetoka kazini saa mbili usiku nikapitia njiani, kituo kinafunguliwa saa moja asubuhi kinafungwa saa nne USIKU. Sisi nyumbani saa kumi jioni kwisha habari. Nimefika nikataja jina na anwani, yule mama akapitisha rula kwenye orodha akakata mstari, akanipa karatasi. Hajaniuliza kitambulisho. Sikutoa kitu mfukoni! Nikasimama nasubiri niambiwe lete kidole kwenye wino, hakuna wino. Na kwenye kibanda kalamu ni penseli imefungwa na kamba. Penseli wakuu. Ningemwambia baba yangu marehemu kwamba Mwingereza anachagua kwa penseli angesema nimeanza kuvuta. Sheria ya kitambulisho imeshapitishwa, inaanza 2023, lakini mwaka huu wa 2022 hatukuulizwa.

Haya matokeo. Pale Tower Hamlets mtu anapewa karatasi mbili. Moja ya meya, mwaka huu wa 2022 watu waliweka chaguo la kwanza na la pili. Ya pili ni ya madiwani wa kata yako, na hapa ndo watu wa nyumbani wanachanganyikiwa, kata moja haina diwani mmoja, ina mmoja au wawili au watatu, kwa hiyo kama kata yako ni ya watatu unaweka alama kwa watu watatu. Kata 20 zinatoa madiwani 45 kwa mtindo huo. Hizo 40,804 ulizotumiwa ni baada ya kujumlisha chaguo la pili, maana raundi ya kwanza hakuna aliyefika nusu, wakabaki wawili wa juu, kura za waliotolewa zikaangaliwa chaguo la pili ni nani.

Ila usije ukadhani London nzima ni hivo. Meya wa kuchaguliwa na wananchi moja kwa moja wako kwenye manispaa tano tu, Tower Hamlets, Newham, Hackney, Lewisham na Croydon ambao wameanza mwaka huu. Kwingine karibu kote madiwani wanamchagua kiongozi wao wa halmashauri ndo mwenye madaraka, na "meya" ni wa kuvaa mkufu na kukata utepe, anabadilishwa kila mwaka. Na hao wote usiwachanganye na Meya wa London, Sadiq Khan, yeye ni wa mji mzima na uchaguzi wake ni mwingine.

Sasa ukubwa wa hiki kilichotokea. Mwaka 2018 Labour walichukua viti 42 kati ya 45 pale. 42! Mwaka huu 19. Na siku hiyohiyo wanaanguka Tower Hamlets, upande wa pili wa mji walikuwa wanasherehekea, wameichukua Westminster ambayo Conservative hawajawahi kuipoteza tangu halmashauri ianzishwe miaka ya sitini, wakaichukua Wandsworth iliyokuwa ya Conservative tangu 1978, na Barnet pia. Alafu Harrow ikaenda kinyume, Conservative wakaitwaa. Kwa hiyo mtu akikwambia "Labour wameshinda London" au "Labour wamepigwa London" muulize kwanza mtaa gani.

Phoenix Haina Breki

Sasa hao Tower Hamlets kilichowafanya waanguke kutoka 42 hadi 19 ni nini? Hapa kwetu chama kikianguka hivo lazima kuna kitu, aidha maji aidha soko.

Mdigo wa Bara na Pwani

Kuna mengi, nyumba kwanza, maana pale familia ya watu saba kwenye vyumba viwili si ajabu. Rahman kaahidi kutopandisha kodi ya halmashauri (council tax) na kurudisha posho ya wanafunzi. Lakini kelele kubwa mitaani ilikuwa barabara. Halmashauri ya Biggs ilifunga baadhi ya mitaa, magari yasipite katikati ili watu watembee na waendeshe baiskeli, hewa iwe safi. Wako waliofurahi sana tu. Ila madereva, wenye maduka na watu wa kusambaza mizigo wakasema mmetufungia riziki, safari ya dakika tano imekuwa ishirini. Rahman akasema nikishinda nafungua.

Phoenix Haina Breki

Subiri kwanza. Yaani watu wameangusha halmashauri kwa sababu ya BAISKELI? Njooni Tanga jamani. Hapa baiskeli imebeba gunia la mkaa, imebeba mke na mtoto, inapita Barabara ya 8 katikati ya bodaboda na bajaji na hakuna aliyemfungia mtu njia. Tungekuwa na sera hiyo mimi ningekuwa meya.

Kahawa Tungu

Utani pembeni, mleta mada kauliza jambo la msingi mmelipita juujuu. Kauliza kura za meya zimetoka wapi. Mtu wa Tanga kuuliza hivo si bahati mbaya, ana kidonda.

Kwetu mpiga kura wa Ngamiani au Duga anachagua diwani wa kata yake, mmoja tu, aliyepita kwa chama maana mgombea binafsi sisi hatuna. Jiji letu lina kata 27. Juu ya hao wanaongezwa madiwani wa viti maalum, wanawake, na mbunge naye anaingia kwenye baraza la madiwani ana kura yake. Hao ndo wanaofungiwa ukumbini wanamchagua meya kwa kura ya siri, wewe na mimi tuko nje kwenye jua tunasubiri kuambiwa.

Mwaka 2015 hapa CUF walimchukua mbunge, Mussa Mbarouk, na kwenye madiwani wao ndo walikuwa wengi kuliko CCM. Hesabu ya kawaida ya darasa la tatu inasema meya ni wa CUF. Desemba wakaingia ukumbini, wakatoka, akatangazwa meya wa CCM. Mimi nilikuwa nje siku hiyo, nakumbuka mtu anapiga hesabu kwa vidole anarudia, anapiga tena. CUF wakakataa kumtambua na vikao vikawa vya mvutano muda mrefu.

Kwa hiyo ukiniuliza, kitu cha kuiga kutoka kwa hao wa Tower Hamlets si penseli. Ni ile karatasi ya meya. Meya apigiwe kura na watu wa jiji, tujue kapata ngapi na mwenzake ngapi, asiyeridhika aende mahakamani na namba mkononi.

Dada wa Raskazone

Kaka Kahawa Tungu heshima yako, lakini unaieleza 2015 kwa jicho moja. Kura ya siri maana yake diwani anaweza kumpa wa chama kingine na hakuna wa kumshika. Inauma lakini ndo siri ilivyo. Huwezi kuitaka siri siku unayoshinda na kuikataa siku unayoshindwa.

Na hiyo karatasi ya meya mnayoipamba, mbona mmeruka sehemu ya mahakama? Mleta mada kauliza. Rahman alishinda umeya 2010, akashinda tena 2014, Aprili 2015 mahakama ya uchaguzi chini ya jaji Richard Mawrey ikafuta ule ushindi wa 2014, ikamzuia kugombea miaka mitano. Waliofungua kesi hawakuwa chama, walikuwa wapiga kura wanne wa kawaida. Ilionekana kuna vitendo haramu vya uchaguzi, na kimoja hapo sisi watu wa pwani tukisome vizuri, ni ushawishi wa kidini. Maimamu na wanazuoni 101 walisaini barua gazetini kuwaambia waumini wampe kura, na sheria ya Uingereza inahesabu hilo kuwa ni kumshinikiza mpiga kura. Ingekuwa hapa kwetu kila uchaguzi ungefutwa.

Tuwe wa haki lakini, yeye alikana yote, na kesi ya jinai hakufunguliwa. Akatumikia kifungo chake cha kutogombea, miaka mitano ikaisha, kagombea kwa Aspire, kaomba kura, kapewa. Biggs alikaa pale katikati, 2015 mpaka mwaka huu. Kwa hiyo jibu la swali ni ndio, anatolewa na anarudi, kwa sababu adhabu ilikuwa na tarehe ya mwisho.

Tatizo langu na meya wa kuchaguliwa moja kwa moja ni hilohilo, madaraka yote yanajikusanya kwa mtu mmoja. Diwani wako unamkuta sokoni unamwambia mtaro umeziba. Meya mwenye kura zake elfu arobaini nani atamwambia?

Kahawa Tungu

Dada, hata sasa nani anamwambia? Huo mtaro wa kwetu umeziba tangu masika ya mwaka juzi na diwani nakutana naye kila Ijumaa.

Karani Mstaafu

Mnabishana vizuri, niongeze kitu kimoja tu maana nimekaa kwenye hizo ofisi. Huko msimamizi wa uchaguzi kwa kawaida ni mtendaji mkuu wa halmashauri, na kwetu mpaka mwaka huu wa 2022 ni mkurugenzi wa halmashauri. Unaona ni sawasawa. Tofauti ni kwamba yule wa kwao ameajiriwa na halmashauri yenyewe, wa kwetu ameteuliwa na Rais. Watu walilipeleka mahakamani hili, 2019 Mahakama Kuu ikasema wakurugenzi wasisimamie, mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikatengua. Basi.

Na vijana acheni kuandika "uchaguzi wa serikali za mitaa" mkimaanisha madiwani. Kwetu ule ni wa wenyeviti wa mitaa na vijiji, unafanyika mwaka mmoja kabla, na unasimamiwa na TAMISEMI. Diwani yuko kwenye uchaguzi mkuu pamoja na Rais na mbunge, ndo maana anamezwa, hakuna anayemsikiliza siku hiyo. Wenzetu wanampa siku yake peke yake. Mtu akiamka Alhamisi ile hana la kufikiria ila taka, barabara na nyumba.

Mama Chapati Makorora

Hilo ndo la maana kuliko penseli na karatasi ya meya zote. Mwaka 2020 mimi nilipiga kura ya diwani nikiwa nimeshachoka, hata sura yake nilikuja kuijua mwezi wa pili alipokuja kuchangia msiba.

Mleta mada mama kasemaje?

Mtoto wa Barabara ya 12

Wakuu shukrani sana, Mungu awalipe. Nimemsomea mama maelezo ya mzee Karani neno kwa neno. Kaniambia huyo mzee anaonekana ana akili ila yeye anataka kuona kwa macho. Basi jana baada ya Magharibi tumempigia kaka simu ya vidio, mama kamwamrisha alete pasi, kaifungua ukurasa mmoja mmoja mbele ya kamera, hapo ndani wamejaa shangazi wawili, mjomba na jirani ambaye hata sijui alialikwa na nani. Bibi na bwana wakaonekana, kibali kikaonekana. Mama kashusha pumzi, kaomba juisi.

Tukadhani yamekwisha. Mama akamuuliza, haya mwanangu, sasa umempa nani? Kaka akasema mama kura ni siri. Mama akauliza tena, akajibiwa vilevile. Simu kaikata mama mwenyewe na hadi naandika hapa hajapokea hata moja ya kaka, anasema uraia hajabadilisha ila tabia kabadilisha.

Pweza bado sijala. Jamaa anasema dau lilikuwa "mama yuko sahihi au hayuko sahihi" na mzee Karani kaandika hapa juu kwamba mama yuko sahihi kwenye kanuni. Anaomba tugawane.

Phoenix Haina Breki

Mpe vichwa, wewe chukua mikia.

Dada wa Raskazone

Pweza ana mikia?